Kabla ya kulipia kiwanja, panda daladala Jumatatu alfajiri

"Kiwanja 20 kwa 20, mita 500 kutoka lami, umeme na maji jirani, milioni 3, maongezi yapo." Mpangaji yeyote wa Dar es Salaam mwenye akiba kidogo ameshapokea ujumbe wa namna hii kwenye simu yake. Mara nyingi humkuta wiki ileile ambayo mwenye nyumba amebisha hodi kuulizia kodi ya miezi sita ijayo. Milioni tatu ni pesa inayofikika. Zamu yako ya mchezo wa kupeana pesa ikifika, ukaongezea mkopo wa saccos ya kazini, mwezi ujao unaweza kuwa na kwako. Na neno "kwako" likishaingia moyoni, hesabu nyingine zote hukaa kimya.

Ninataka hesabu hizo zisikike. Kwa miaka zaidi ya kumi na tano nimeona ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu wakinunua viwanja pembezoni mwa jiji hili, na nimefikia msimamo mmoja: bei ya kiwanja ni sehemu ndogo ya gharama utakayolipa, lakini ndiyo pekee tunayokaa na dalali kuijadili. Gharama kubwa ni barabara. Unailipa kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, kwa nauli na kwa saa za maisha yako, na yenyewe haina maongezi.

Kwetu nyumba ya kwanza haianzii benki. Riba za mikopo ya nyumba zimekuwa zikizunguka kati ya asilimia 15 na 19, na walio nayo nchi nzima ni watu elfu chache. Wengine wote tunajenga kidogokidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, kisha boma linasimama misimu mitatu ya mvua likisubiri bati. Siku kodi inapochosha, familia inahamia kwenye nyumba iliyopauliwa tu, madirisha yana nondo lakini hayana vioo, sakafu ni zege la jamvi. Mtu aliyepita njia hiyo hauzi akahama kirahisi. Ukichagua eneo leo, umechagua barabara utakayoipita kwa miaka ishirini au thelathini, na shule watakayosoma watoto wako.

Sensa zinaonyesha tunakoelekea. Mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541, na mwaka 2022 ukawa na 5,383,728. Ongezeko hilo ni kama robo hivi. Mkoa wa Pwani, ambao ndio jirani yetu kwa pande zote za nchi kavu, ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyo kumi. Umekaribia kuongezeka maradufu. Si wote hao wanaoamka kuja kazini Kariakoo, lakini anayepita Kibaha, Mapinga, Kisarawe au Vikindu saa kumi na moja alfajiri haulizi watu wanakwenda wapi.

Naomba tufanye hesabu moja. Namba zake ni za mfano tu, weka za kwako. Kuna kiwanja A cha milioni 3, ndani kabisa, na kiwanja B cha milioni 12, kidogo zaidi, umbali wa kutembea kutoka kituo cha daladala. Tofauti ni milioni 9, na kwa mtu wa kipato cha kawaida inatosha kufunga mjadala. Sasa tuingie barabarani. Wa A analipa bodaboda 1,500 hadi lami, gari la kwanza 1,300, gari la pili 600, jumla 3,400 kwenda na 6,800 kwenda na kurudi. Wa B anatembea, anapanda gari moja la 800, kwa siku 1,600. Tofauti yao ni 5,200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 135,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,622,400. Kama baba na mama wote wanafanya kazi mjini, zidisha kwa mbili: zaidi ya milioni 3.2 kwa mwaka. Nyumba yenye wafanyakazi wawili inamaliza ile "akiba" ya milioni 9 kabla mwaka wa tatu haujaisha, na nauli inaendelea kudaiwa. Hapo hatujagusa nauli ya mwanafunzi, wala lori la mchanga linaloongeza bei kwa sababu ya njia mbovu, wala mifuko ya saruji inayopotea kwa sababu huwezi kwenda kusimamia fundi kila jioni.

Halafu kuna saa. Ikiwa wa A anatumia saa mbili na robo kufika kazini na wa B anatumia saa moja, tofauti kwa siku ni saa mbili na nusu. Kwa mwaka wa siku 26 za kazi kila mwezi ni saa 780, yaani siku thelathini na mbili na ushee, usiku na mchana, mtu amesimama kwenye gari.

Niliwahi kulala kwa dada yangu mmoja wa ukoo huko ndani ya Chanika, usiku wa Jumapili, ili Jumatatu niingie naye mjini. Saa kumi na robo alikuwa ameshaamka. Alikoga kwa maji ya ndoo aliyoyachota jana yake, akatoa pesa ya vitafunwa vya watoto akaiweka juu ya meza chini ya kikombe, akambusu mdogo aliyekuwa usingizini. Bodaboda wake wa kila siku alikuwa nje na taa imezimwa ili asiwaamshe majirani. Stendi tulikuta watu wamejaa na gari limesimama mbali kidogo. Likasogea, na kabla halijasimama sawasawa vijana walikuwa wameshapanda kwa madirishani na kutupa mabegi kwenye viti. Dada alikuwa na ujanja wake: alimpa kijana mmoja 500 amshikie kiti. "Hiyo nayo ni nauli," aliniambia. Tulifika kituo cha Gerezani, Kariakoo, saa moja na nusu. Jioni alirudi saa mbili unusu, watoto wameshakula, mdogo ameshalala. Nilimuuliza mara ya mwisho alimwona mtoto huyo macho siku ya kazi ni lini. Alinyamaza, kisha akasema, "Jumamosi huwa tunakaa sana."

Nyumba yake ni nzuri. Ina vyumba vitatu, mwembe, na mbuzi wawili. Sisemi alikosea kuwa na kwake. Nasema hakuna aliyemwambia hesabu yote kabla hajaweka sahihi.

Ushahidi mkubwa kuliko wa dada yangu uko kwenye kumbukumbu ya jiji. Desemba 2011 mvua kubwa ziliipiga Dar es Salaam, Bonde la Msimbazi likafurika, watu zaidi ya 40 wakafariki. Serikali iliwahamisha wakazi wa mabondeni na kuwapa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, ndani kutoka Bunju. Viwanja hivyo walipewa bure. Hata hivyo baadhi yao walirudi bondeni, kwenye hatari ileile iliyowafukuza, kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo na mjini kati: kubeba mizigo, kuuza karanga, kufua nguo za watu. Kwa mtu anayepata kipato cha siku kwa siku, nauli ya kutoka Mabwepande ilikuwa inakula chakula cha watoto. Wakati ule wengi waliwalaumu kwa ukaidi. Mimi naona walipiga hesabu ambayo wapangaji wa leo hawaipigi: kiwanja cha bure kilikuwa ghali kwao.

Kwa hiyo unapotafuta, anza na kazi yako iko wapi, na ya mwenzio iko wapi. Dar es Salaam imejengwa kama vidole vya mkono uliotandazwa: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere kwenda Pugu, ya Kilwa, na Kigamboni ng'ambo ya maji. Kusafiri ndani ya kidole kimoja kunavumilika. Kuvuka kutoka kidole kimoja hadi kingine, mathalani unalala Chamazi na unafanya kazi Mwenge, ndiko kunakoumiza, kwa sababu unapita kwenye kiganja ambako magari yote yanakutana. Nimeona mtu akihangaikia tofauti ya laki tano kwenye bei ya kiwanja huku akijifunga kuvuka jiji zima kwa maisha yake yote ya kazi.

Kwa anayefanya kazi Ubungo, Magomeni, Kariakoo au Posta, mimi ningeanzia Barabara ya Morogoro, kati ya Kibamba, Kiluvya na Kibaha Maili Moja. Sababu zangu zinaonekana kwa macho. Barabara imepanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, awamu yake ya kwanza ya kilometa 21 ilianza kazi Mei 2016 na mwisho wake wa magharibi ni Kimara. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani imehamia Mbezi Luis tangu 2021, kwa hiyo magari ya kuelekea huko hayakosekani hata usiku. Na kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii: bomba kuu la maji kutoka mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, linashuka kuja jijini kwa kufuata barabara hiyohiyo. Vivyo hivyo maji ya Ruvu Chini yanakuja kwa upande wa Barabara ya Bagamoyo. Ukiwa kwenye njia mojawapo kati ya hizo mbili, kupata maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ni suala la kuunganishwa. Ukiwa mbali nazo unategemea visima, na ukanda wetu wa pwani una visima vingi vyenye maji ya chumvi ambayo hayafai kwa chai wala kwa zege. Waliojenga kwa maji ya boza wanajua ninachosema.

Lakini njia hiyo ina majeraha yake. Mvua zikizidi pale Jangwani, mwendokasi hukatika na maelfu ya watu hubaki vituoni. Na mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba nyingi zilichorwa alama nyekundu ya X na kubomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo ilidaiwa kufika mita 121 kila upande. Nyumba hizo zilikuwa na umeme, zilikuwa na maji, familia zilikuwa zimezeekea humo. Wapo waliosimama wakaangalia tingatinga likila sebule waliyoijenga kwa pensheni. Kwa hiyo ninaposema nunua karibu na barabara sina maana ya kugusana nayo. Nenda kwa wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, kutegemea barabara ni ya nani, ukaulize hifadhi yake inaishia wapi, na usiridhike na jibu la "hapa hawawezi kufika" kutoka kwa anayekuuzia.

Barabara ya Kilwa inadharauliwa bila haki. Watu husema Mbagala ni msongamano. Ni kweli, na ndiyo maana magari yake yanatembea hadi usiku wa manane, nauli ni nafuu, soko lipo na njia ya mwendokasi imejengwa hadi huko. Mtu wa kipato cha chini anayefanya kazi bandarini, Kariakoo au viwanda vya Chang'ombe, akipata kiwanja halali kuanzia Kongowe hadi Vikindu, amepata zaidi ya aliyekimbilia jina zuri la eneo lisilo na gari. Upande wa Bagamoyo, yaani Bunju, Mapinga na Kerege, unamfaa mwenye kazi Tegeta, Mwenge au Mikocheni, ila bei zake zinawafuata wenye magari binafsi.

Kigamboni nitakaa nayo kidogo, maana imewavuta vijana wengi. Ukiitazama kwenye ramani iko pua na mdomo na Posta. Ukitoka kwenye ramani, kuna feri pale Magogoni, kuna Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, na kuna njia ndefu ya kuzungukia Kongowe. Basi. Kivuko kimoja kikiingia matengenezo, foleni ya watu inafika nje ya geti. Darajani magari hulipa tozo, na tozo hiyo hata iwe ndogo inahesabika mara mbili kwa siku. Mimi nawaambia vijana: Kibada, Geza Ulole na Mjimwema ni mahali pazuri pa kuishi ukiwa na kazi Kigamboni kwenyewe au ukiwa na ratiba isiyokudai kuwahi. Kwa anayepiga kidole gumba kwenye mashine ya mahudhurio kazini saa moja na nusu kamili, maji yale mita chache ni mapana sana.

Kigamboni pia inatufundisha kuhusu miradi inayokuja. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na wenye ardhi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri. Walisubiri miaka. Michoro ya maghorofa ilisambaa, bei zikapanda, walanguzi wakaingia, na mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Leo sentensi ileile inauzwa kwenye njia ya reli. SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kabla ya kufika Morogoro ina stesheni za Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Madalali wa Soga wanakuambia utakuwa unakwenda kazini kwa treni. Huenda siku moja ikawa hivyo, na mimi ningefurahi kuliko wote. Lakini treni hiyo imepangwa kwa msafiri wa mikoani. Angalia ratiba ya leo: kuna inayokuingiza mjini kabla ya saa mbili kila siku na kukurudisha baada ya saa kumi na moja? Nauli yake ya kwenda na kurudi, mara 26, inatoshea mshahara wako? Tiketi zinapatikana? Oktoba 2012 tulipata treni ya mjini, ile watu walioiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, na iliwasaidia sana watu wa Ubungo na baadaye Pugu kwa sababu iliwekwa kwa saa za wafanyakazi. Reli inayomsaidia mfanyakazi inajulikana kwa ratiba yake.

Kanuni yangu hapa ni kali, na najua wawekezaji hawataipenda: nyumba ya kwanza inunuliwe kwa huduma zilizopo leo. Daladala inayotembea leo. Nguzo ya umeme unayoweza kuigusa leo. Mwenye kiwanja cha pili na cha tatu anaweza kucheza na ndoto za 2035. Mwenye familia ndani ya chumba na sebule hawezi. Nguzo peke yake ni pesa. TANESCO iliporudisha viwango vya kuunganisha umeme mijini Januari 2022, asiyehitaji nguzo alitakiwa kulipa 320,960, anayehitaji nguzo moja 515,618, na wa nguzo mbili 696,670. Maneno "umeme upo jirani" kwenye tangazo yanaweza kuwa na tofauti ya karibu laki nne.

Sasa mvua. Dalali atakuita Jumamosi ya Agosti, jua linawaka, mchanga mkavu, upepo mwanana. Mwambie utakuja. Kisha rudi peke yako Aprili, siku ya pili ya mvua, bila kumpigia. Kuna maeneo ya Kivule, Msongola na Majohe ambayo kiangazi bodaboda inakufikisha kwa dakika kumi, na masika dereva anakushusha njiani ukavua viatu. Angalia kuta za nyumba za jirani: maji yakiwa yamewahi kuingia, rangi ina mstari, na chini ya mstari plasta imevimba. Mama anayeuza maandazi kona ya njia atakuambia mto ulifika wapi mwaka gani, kwa sababu siku hiyo hakuuza. Mimi nilinusurika kwa njia hiyo. Kiwanja nilichokuwa nimekipenda kilikuwa tambarare kama meza, majani ya kijani hata kiangazi. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mboga akanitazama nikipima kwa hatua, akasema, "Baba, hapo vijana huwa wanavua kambale." Niliaga nikaondoka. Jiji hili limekatwa na mito inayolala kiangazi: Msimbazi unaoanzia vilima vya Pugu, Mzinga kwa upande wa Mbagala, Mpiji unaotenganisha Dar es Salaam na Bagamoyo, na vijito vyake visivyo na jina. Kiwanja cha bei ya chini sana mara nyingi ni mkondo wa maji unaosubiri mvua.

Kuhusu karatasi nitasema kwa kifupi kwa kuwa mawakili wamelisema sana. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua ni haki ya kuitumia. Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu na bikoni, yaani mawe ya mipaka, ambazo afisa ardhi wa halmashauri anaweza kuzioanisha na ramani yake. Bikoni hizo zionekane ardhini kabla ya kutoa hata shilingi. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa msajili ujue kama haijawekwa rehani. Ukivuka kuingia Kibaha, Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, uliza kwanza kama hapo ni mtaa wa mji au ardhi ya kijiji, kwa sababu ardhi ya kijiji inaongozwa na sheria yake ya mwaka huohuo na halmashauri ya kijiji ina neno. Muhuri wa serikali ya mtaa na ile asilimia kumi ya bei iliyozoeleka kulipwa hapo havikupi umiliki. Vinakupa mashahidi, na mashahidi huhama. Na mke na mume wote waende wakasaini.

Nimeandika kana kwamba mzigo wote ni wa mnunuzi, na hapo sijatenda haki. Mtu mwenye milioni tatu ananunua cha milioni tatu, na hesabu yangu ya kiwanja B haimpi zile milioni tisa zinazopungua. Wa kumpa njia ni maofisa wa mipango miji. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, ikapima Bunju, Mbweni, Kibada, Mwanagati, Buyuni na kwingineko. Lilikuwa jambo kubwa, na watu wengi wana hati leo kwa sababu hiyo. Lakini viwanja vingi vilikuwa vikubwa, vilikwenda kwa wenye uwezo, na baadhi vilikaa vichaka kwa miaka mingi vikisubiri bei. Ningependa safari hii vipimwe viwanja vidogo, mita za mraba mia mbili hadi mia tatu, ndani ya mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka vituo vya mwisho vya mwendokasi na stesheni ya Pugu, viuzwe kwa awamu kwa wasio na nyumba, na asiyejenga ndani ya miaka kadhaa avirudishe. Na tuache kuona ghorofa kama kitu cha matajiri. Sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, ile ya hati pacha, ipo tangu 2008. Vyumba viwili ghorofa ya tatu pale Kimara vinaweza kumrudisha mama nyumbani saa kumi na mbili jioni, na mimi ningelipia ngazi hizo kwa furaha. Mpaka hayo yatokee, kama milioni tatu ndizo ulizonazo, bora kusubiri mwaka mwingine kwenye kupanga, ukaongeza, ukanunua robo ya ukubwa uliokuwa unautaka mahali ambapo gari lipo. Wazee watakuambia kiwanja kidogo si urithi. Waulize wao walifanya kazi umbali gani kutoka nyumbani.

Kuna kijana ninayefanya naye kazi, ameoa mwaka jana. Yeye yuko Ubungo, mkewe anauza duka la vitenge Kariakoo. Wana milioni sita na walikuwa tayari kulipia nusu eka ndani ya Kisarawe. Tulikaa tukapiga hesabu kwenye bahasha, akaenda nayo nyumbani. Jumapili iliyopita walilala kwa shangazi wa mke, mtaa wa Picha ya Ndege huko Kibaha, na Jumatatu wakatoka wote wawili saa kumi na moja kasorobo kama watu wanaoishi hapo. Mke alikuwa na daftari dogo, akiandika saa kila walipobadilisha gari na kila shilingi iliyotoka. Alifika dukani saa moja na dakika kumi, akiwa amesimama kutoka Kimara, miguu inamuuma. Jioni walirudi tena hukohuko kupima foleni ya kurudi. Jumapili ijayo wanalala Vikindu.